Maji ya Jumatatu na Alhamisi

Nyumba yenye mlango wa bluu,
Nyuma ya kiwanda cha barafu.

Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Usiigeuzegeuze bahasha ukidhani imepotea njia. Ni mimi kweli, na mwandiko wangu bado umelalia upande mmoja kama ulivyokuwa ukiucheka. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na huyo binti yenu, ambaye nasikia alianza kukimbia kabla hajajua kutembea, meno yameshatoka yote? Kifua chako je, kimezoea baridi ya huko, au bado unakohoa asubuhi kama jenereta inayokataa kuwaka?

Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua kwenye ngazi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Juzi alimfukuza fundi aliyekuja kutengeneza dari kwa sababu alipanda na viatu juu ya meza yake ya kushonea. Dari bado inavuja, na Mama anasema afadhali ivuje. Tunamshukuru Mungu.

Sasa, mdogo wangu, nimekuandikia kwa jambo moja, na nitalisema mapema kabla sijaanza kulizunguka. Nilikukosea. Miaka miwili iliyopita nilisimama mbele ya chama cha wenye boti nikasema wewe ndiye unayeua matumbawe. Haikuwa wewe. Nataka nikueleze ilivyokuwa, halafu uamue mwenyewe kama bado unaniona dada yako.

Siku ile nilikuwa juu ya paa la chumba cha kufulia, tunakoanika mashuka ya hoteli. Nikaiona boti yako imetulia juu ya mwamba, na wageni wako wamesimama baharini maji yakiwafika magotini, wanapigana picha. Wamesimama juu ya nini? Juu ya matumbawe, na nanga yako imeshuka hapo hapo. Nikapandwa na hasira. Mwamba wote ulikuwa umeanza kufifia, wageni wanaokuja kuona samaki walikuwa wakilalamika kwamba wanaonyeshwa mifupa, na meneja alishatuambia kwamba wageni wakipungua na sisi tutapungua. Nikaona nimemkamata mwizi.

Kikaoni niliongea kwa ile sauti yangu ya kuamua ugomvi wa watoto uani, iliyofanya mtaa mzima uniite Hakimu. Sikusema kwamba kila boti ilikuwa ikishusha nanga pale, ingawa nilijua. Nilikutaja wewe peke yako, ili watu waone kwamba mimi sipendelei ndugu. Kumbe nilikuwa nanunua sifa kwa jina lako. Wakakusimamisha msimu mzima, na msimu haujaisha ukawa umeshaondoka bila kuniaga. Boti yako iko kwa fundi seremala chini ya turubai, na nanga yako ameitundika ukutani.

Basi wewe ukaondoka, nanga ikapanda ukutani, na matumbawe yakaendelea kufa. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikatafuta mwingine wa kulaumu. Niliwalaumu wageni na mafuta yao ya kuzuia jua, nikalaumu boti zilizobaki, nikalaumu hata wavulana wanaorukaruka pale kwenye gati. Na sikuwa nasema uongo wote. Wageni wanakanyaga kweli, na mafuta yao yanaelea juu ya maji kama mchuzi uliopoa.

Mafuta hayo hayo ndiyo yalikuwa adui yangu kazini. Yanaingia kwenye mashuka, yanaacha madoa ya rangi ya chai mahali pa mabega. Mgeni akiliona doa hajui kwamba ni bega la mwenzake aliyemtangulia. Anasema hoteli chafu. Kwa hiyo nikaongeza dawa ya kung'arisha. Kikombe kimoja kwa mashine kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Mashuka yangu ukiyatazama juani unafumba jicho moja. Nikasifiwa, na unanijua nikisifiwa. Kichwa kilikuwa hakipiti mlangoni.

Mwishoni mwa mwaka jana akaja mwalimu mpya wa baiolojia pale sekondari. Mwanamke mfupi, mwenye haraka, na kila siku baada ya vipindi anavaa miwani ya maji na mapezi ya miguuni na kuelekea mwambani, daftari la plastiki limefungwa kiunoni. Wenzangu kazini wakambatiza Mwalimu Mapezi. Aliyawekea matumbawe kumi vibati vyenye namba, akawa anayatembelea kama daktari anayezungukia wodi.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, chama kikamwalika aeleze alichokiona. Nami nilikuwepo, mstari wa mbele, mikono nimeikunja.

"Nimeyaangalia matumbawe yale yale kwa wiki saba," akasema. "Siku nyingi yanatulia. Lakini kila Jumatatu na kila Alhamisi, mchana, yanatoa ute, samaki wadogo wanatoweka, na kuna povu upande wa kwenye mawe. Boti zenu zinafanya nini siku hizo?"

"Jumatatu boti hazitoki, mwalimu," mwenyekiti akamjibu. "Ni siku ya kusafisha mashine."

"Basi ni mafuta ya mashine!" mtu akadakia kutoka nyuma.

"Na Alhamisi je?"

Wakabishana mpaka wakachoka, wakafikia uamuzi kwamba ikifika Jumamosi inayofuata na sababu haijajulikana, boti zote kumi na nne zitazuiwa kwenda mwambani kwa mwaka mzima. Ni familia kumi na nne hizo, na unazijua moja moja.

Mdogo wangu, jibu la Alhamisi nilikuwa nalo mimi. Kwenye ukuta wa chumba cha kufulia kuna ratiba niliyoichora kwa mkono wangu. Jumanne, Jumatano na Ijumaa ni taulo. Jumatatu na Alhamisi ni mashuka na vitambaa vya meza, yaani siku za dawa. Katika ukumbi ule wote mimi peke yangu ndiye niliyeijua ratiba ile, na mimi nisiyewahi kukosa la kusema nikatulia kama maji mtungini.

Nikueleze na jambo ambalo hukuwahi kulijua. Maji yetu ya kufulia yalitakiwa kupita kwenye tangi la kutulia, yakachujwa kwa kokoto na mchanga kabla ya kwenda popote. Miaka minne iliyopita pampu iliungua, maji yakaturudia ndani mpaka vifundoni. Mimi mwenyewe nikamwita fundi bomba, nikamwambia atupitishie kwenye mfereji wa mvua, kwa muda tu, mpaka pampu mpya ije. Akaunga bomba la pembeni kwa dakika ishirini. Pampu niliiomba mara mbili, haikuja, na sakafu ilipokauka nikaacha kuiomba. Huo mfereji unatokea nyuma ya ukuta, chini ya mawe, na kutoka pale mpaka mwambani hata wewe na uvivu wako unaogelea dakika tano.

Bado nilitaka kujidanganya. Jumatatu nikachukua kopo la bluu ya kufulia, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, nikaimimina yote kwenye tundu la sakafuni, kisha nikapanda paani na kusimama katikati ya mashuka. Nilisubiri kidogo tu. Nikauona ulimi wa bluu unatoka chini ya mawe, unajivuta taratibu, unakwenda moja kwa moja mwambani kama mtu anayejua nyumba anayokwenda. Nilisimama pale pale nilipokuwa nimesimama siku niliyokuona wewe. Nyani haoni kundule, lakini siku ile nililiona langu lote.

Nilimwambia mtu mmoja tu, Mama Pacha, mwenzangu wa miaka mingi pale kazini. Akaweka kikapu chini.

"Dada, acha," akaniambia. "Boti zikizuiwa mwaka mmoja zitarudi. Sisi tukifukuzwa hatufukuzwi kwa mwaka mmoja. Usimwage mtama kwenye kuku wengi."

Hakuwa na ubaya. Tuko wanawake tisa mle ndani, na watano ndio wanaolisha nyumba zao peke yao. Siku nne niliyabeba maneno yale. Sahani nikawa nairudisha jikoni kama ilivyokuja. Mama akaniuliza kama nina mtu ananisumbua, na umri wangu huu! Nikamjibu kwamba yupo, na ni mtu ninayemjua sana.

Jumamosi nikapiga moyo konde. Mwenyekiti hajamaliza kufungua kikao nikasimama, nikasema, "Ni maji yangu."

"Maji yako vipi?"

Nikaeleza. Bomba la pembeni, vikombe vitatu, Jumatatu, Alhamisi, kopo la bluu. Niliongea mpaka mate yakakauka. Halafu nikasema, "Na kabla hamjaliandika hilo, rudini nyuma miaka miwili mlifute jina la mdogo wangu."

Kisha yule mzee wa boti ya njano, yule asiyekosa neno, akasema, "Leo Hakimu amejihukumu mwenyewe," na watu wakacheka, na mimi nikalia mbele yao wote. Mwalimu Mapezi ndiye aliyekuja kunishika bega. Alisema si maji yangu peke yake. Nanga zinavunja, miguu inavunja. Lakini kilichovunjika kinaweza kuota tena kama maji ni safi, na maji yakiwa machafu hata kizima hakioti.

Meneja aliniita Jumatatu. Hakupiga kelele. Alisema ningemwambia yeye kwanza, nami nikamwambia ni kweli, ningemwambia yeye kwanza miaka minne iliyopita na kila mwezi baada ya hapo. Akaniondoa kwenye ukuu wa chumba cha kufulia, akanipeleka meza ya pasi, na ukuu akampa Mama Pacha. Sikulalamika. Ila nikikuambia sikuumia nitakuwa nakudanganya, kwa maana Mama Pacha siku ya kwanza tu alikuja kunirekebishia namna ya kukunja foronya.

Wenye boti nao hawakukaa. Walikuja kumi na nne, wamevaa mashati yao ya harusini, wakasimama kwenye lango la hoteli saa ambayo wageni wanakwenda kunywa chai. Hawakufanya fujo yoyote, wakiulizwa wanasema tu wanasubiri pampu. Walifanya hivyo asubuhi tatu. Pampu iliyoshindikana miaka minne ikafika siku ya tisa. Fundi bomba yule yule akaja kuliziba bomba la pembeni, na nilisimama juu yake mpaka akaniomba nimpishe apate mwanga.

Ukweli lazima nimpe Mama Pacha sifa yake. Ameondoa ile dawa karibu yote. Amegundua kwamba doa la mafuta ya jua ukilipaka sabuni ya vyombo likiwa kavu, kabla halijaona maji, linatoka. Ukiliwekea dawa ya kung'arisha ndiyo kwanza linakolea. Kumbe miaka yote nilikuwa nalisha doa! Na wageni sasa wanaulizwa kama wanaweza kulalia shuka siku tatu. Wengi wanakubali, na mikono yetu inapumzika.

Kule baharini hawashushi nanga tena. Wameweka maboya yaliyofungwa kwenye matofali makubwa ya zege yaliyozamishwa mchangani, na boti nne tu ndizo zinazoruhusiwa kwa wakati mmoja. Wageni wanapewa mashati ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, ili wasijipake mafuta mwili mzima, na wanaelezwa wasisimame. Usidhani ilikwenda sawa tangu mwanzo. Boya la kwanza wenzako walilifunga kwenye tumbawe kubwa lenyewe, kwa kuwa waliliona limekaa imara! Mwalimu alipozama akauona mnyororo unavyolikereza, aliibuka akiwagombeza na bomba la kupumulia bado limo mdomoni. Hawakusikia hata neno moja, lakini walielewa.

Sasa nikupe la furaha. Wiki tatu zilizopita Mwalimu Mapezi aliniuliza nimewahi kuyaona matumbawe. Nikamjibu nayajua sana. Akasema hakuniuliza hivyo. Mdogo wangu, miaka kumi na tisa nimefanya kazi hatua hamsini kutoka ufukweni, nimeuvunja udugu wangu kwa sababu ya mwamba ule, na sikuwahi kutia kichwa majini hata mara moja. Unajua ninavyoogopa maji yanayonipita kiuno.

Alinivalisha miwani, akanipa boya la kushikilia, akanishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara. Mwanzoni niliona kijivu tu. Matawi yaliyokatika, mengine yamefunikwa na utelezi wa kijani, na nilijua ni kazi ya nani. Nilitaka turudi. Akanivuta mpaka kwenye tumbawe moja lililokufa, akanionyesha kwa kidole. Juu yake palikuwa na vitu vidogo, vya mviringo, vya ukubwa wa kifungo cha shati, rangi ya kahawia na ukingo wa kijani. Nilihesabu saba. Palikuwa na samaki mmoja wa njano, mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, anavizungukia na ananitazama kwa dharau kabisa.

Baadaye, tulipokaa mchangani, mwalimu akanieleza kwamba vile ni matumbawe machanga, yameshika pale katika miezi hii tangu maji yaliposafika. Na kule majini, hata kabla sijaelezwa, nilikuwa nimelia mpaka yeye akadhani miwani inavuja. Hakunificha kwamba bado kuna hatari. Joto la bahari likizidi msimu ujao linaweza kuyaunguza tena, na hilo si la bomba wala la nanga yetu. Lakini anasema yaliyo kwenye maji safi yana nguvu ya kuvumilia. Na matumbawe yake kumi, saba yamerudi kwenye rangi yake. Mimi nimeamua kutumaini, maana kulaumu nimeshakujaribu.

Ndani ya bahasha hii utaikuta barua ya chama yenye muhuri. Inasema ulisimamishwa kwa makosa na jina lako limefutwa kwenye kumbukumbu zao. Inasema pia wanatafuta mtu wa kusimamia maboya, anayeujua mwamba hata akiwa amefumba macho, na wote walipoulizwa walikutaja wewe. Fundi seremala amefunua turubai, akasema mbao ni nzima ila zinahitaji rangi. Sikushurutishi. Najua una kazi yako kwenye ghala huko, na mke, na mtoto, na maisha uliyoyaanza upya kwa sababu yangu. Nimetaka tu ujue kwamba mlango uliofungwa kwa mdomo wangu umefunguliwa.

Mama anakusalimu sana, anakuuliza kama unavaa sweta. Mjomba anakusalimu, bado yuko kiwandani kwenye barafu na bado analalamikia joto. Mzee wa boti ya njano anakusalimu, na Mama Pacha pia, huyo siku hizi husalimu kama mkubwa. Wifi yangu mpe salamu za pekee kutoka kwangu. Huyo mtoto mbusu kwenye paji la uso, umwambie ni shangazi yake.

Na kuna jambo la salamu ambalo sijawahi kumwambia mtu. Unajua macho ya Mama hayaoni tena herufi, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea barua zako. Kila mara unaisalimia nyumba nzima, mmoja mmoja, mpaka paka, na mimi simo. Sikulaumu. Lakini nikifika mwisho Mama hukaa kimya akisubiri, nami nashindwa kumtazama. Basi huwa nasoma mstari ambao hukuuandika: "Na dada yangu msalimieni sana." Mama hutabasamu, akaichukua barua, akaiweka chini ya mto wake. Kwa miaka miwili nimekuwa nikijisalimia mwenyewe kwa jina lako.

Ukiona unaweza kunisamehe, usihangaike na maneno mengi. Uandike mstari ule kwa mkono wako, niusome kama ulivyo. Na ukiona bado, mwandikie Mama kama kawaida. Nami nitamsomea kama kawaida.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya, na kila unachokishika kikue.

Ni mimi niliyekukosea, na sijaacha kukupenda hata siku moja,

Dada yako.